Mnazi wa Kisimani

Kuna mji mdogo kaskazini mwa India ambao sijaukanyaga hata siku moja, na bado mkinishusha kwenye stesheni yake leo nitafika tanuri la mtaa bila kuuliza njia. Stesheni yenyewe iko mbali na mji, kwa sababu mwenye shamba mmoja wa zamani aliapa kuwa treni haitapita karibu na ng'ombe wake, wasije wakakauka maziwa. Unatoka hapo kwa miguu, mashamba ya miwa yako mkono wa kushoto, na kama ni majira ya baridi unasikia harufu ya sukari guru inayochemshwa kabla hujauona mji. Unaingia lango la matofali. Lango lina tundu ambalo watu wa upande wa Juu wanasema lilitobolewa na mzinga, na watu wa upande wa Chini wanasema ni ujenzi mbaya tu. Hapo mji unagawanyika mara mbili, maana ulianzishwa na ndugu wawili waliogombania kisima. Mmoja akajenga juu, mwenziwe akajenga chini, wakafa hawasemezani. Kisima kikabaki katikati kwa kuwa hapakuwa na aliyeweza kukibeba. Na kando ya kisima pana mnazi.

Haya nimeyajua kwa jirani yetu wa mtaani Shela, hapa Malindi, mama wa Kihindi ambaye nyumba yake inatazamana na ya wazazi wangu. Wakubwa kwa wadogo tunamwita Bibiji, kwa heshima ya kikwao. Naye hajaufika mji huo. Amezaliwa hapa, amekulia hapa, na Kiswahili chake kinawatia haya vijana wetu. Aliyetoka huko ni baba yake, Kalasinga fundi seremala, aliyefika Malindi kijana mbichi na sanduku la randa na misumeno, akapaua nyumba, akachonga milango, akaposa Mombasa kwa watu wake, asirudi tena. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Bibiji, na kila alasiri akishakung'uta maranda miguuni alimkalisha mtoto huyo akamtembeza mjini kwao kwa maneno. Bibiji alipokua akatutembeza na sisi.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya kijeshi. Tulikaa uani kwake na nyungo za mchele, mikono inachambua, midomo inatembea. Mtoto mmoja anaanza stesheni, mwenziwe anapokea langoni, mwingine anapita kwa mkaanga vitamu anayeamka alfajiri na kumtukana paka wake, mpaka kisimani, mpaka tanurini. Ukikosea uchochoro mmoja tu, Bibiji hakukusahihisha. Aliinua kidole na kusema, "Rudi stesheni!" Nawe ukarudi, ukaanza upya, wenzako wakikucheka. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilikuwa sijui njia ya kwenda sokoni Malindi peke yangu, lakini ule mji nilikuwa nautembea kwa macho yaliyofumba.

Tanuri lenyewe lilikuwapo uani pale pale. Baba yake alilijenga kwa udongo na kulizamisha ardhini kama yalivyo ya kwao, kwa sababu katika mji ule, alisema, mwanamke haoki mkate peke yake. Kila nyumba inakanda unga wake, na alasiri wanawake wote wanakutana penye tanuri moja, na hapo ndipo habari za mji zinapogawiwa, kila mtu na fungu lake. Mama zetu walikuwa na vyungu vyao vya mikate ya mofa majumbani. Mmoja akaenda siku moja kwa kuona, wa pili akaenda kwa kuchelea kusengenywa, na baada ya muda mfupi mtaa mzima ulikuwa unaokea kwa Bibiji. Yeye alibandika mikate yake ya ngano kwenye ukuta wa tanuri kwa mkono mtupu bila kuungua. Mama yangu alioka mofa. Mwuza matunda wetu, mama wa Kigiriama anayeshuka kutoka bara na kapu lake mpaka leo, alifukia muhogo kwenye majivu. Mwezi wa Ramadhani Bibiji hakuliwasha tanuri mpaka magharibi ikaribie, asije akatutesa kwa harufu. Mama alikuwa akisema haoni haja ya kununua redio.

Lakini desturi ya mji ule iliyotushika kweli kweli ni matusi.

Sisemi matusi ya barabarani. Huko kwao, arusi inapokuja, wanawake wa upande wa bibi arusi hupanda juu ya dari na kuwaimbia wageni vijembe: tumbo la baba mkwe, masharubu ya ami, viatu vya kuazima vya bwana arusi mwenyewe. Mgeni hucheka, na akiwa na watu wake hujibu. Mgeni asiyetukanwa hurudi kwake na huzuni akijiuliza amewakosea nini. Bibiji alipomwoza binti yake, wageni wakawa wanatoka Nairobi na yeye hana wanawake wa kwao wa kutosha kuimba. Akaja tanurini, akasema, "Jamani, nitukanieni wakwe."

Wanawake wa Shela kufundishwa vijembe! Walichohitaji ni sauti tu, ule mwendo wa wimbo unaopanda, unakatika, unaangukia chini. Maneno waliyatia wenyewe kwa Kiswahili, na ubeti wa kwanza, ambao umebaki mpaka leo, waliutoa katika mji wa Bibiji:

Mgeni kaja na njaa, mnazi kaurukia,
Kashuka na tumbo kubwa, nazi kazimalizia.

Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeingia mtaani kwetu kwa amani. Wakwe zangu walitoka visiwa vya kaskazini, watu wenye adabu zao, wanaoulizana hali robo saa kabla ya kuvuka kizingiti. Walipofika na bwana arusi wao, wakakutana na Bibiji juu ya ngazi na wanawake arubaini nyuma yake, wote wanaimba habari za tumbo la mama mkwe wangu. Nusura arusi ivunjike. Mama mkwe alikaa ndani siku tatu haongei na mtu. Siku ya nne akatoka, akasimama katikati ya njia mbele ya nyumba ya Bibiji, akaimba beti saba mfululizo za kwake, moja tamu kuliko mwenzake, na ya saba ikihusu pua ya Bibiji. Nilitazama dirishani nikasema, Alhamdulillahi, hawa ni watu. Mpaka leo familia hizi mbili hazijamaliza kutukanana, na mume wangu anaimba vizuri kuliko mimi.

Sasa niseme habari ya mnazi.

Nilipokuwa darasa la sita tuliambiwa tuandike insha juu ya mji tunaoupenda. Wenzangu wakaandika Malindi, Mombasa, mmoja akaandika Makka. Mimi niliandika ule mji wangu, tangu stesheni mpaka tanurini, na nikajua nimewashinda wote. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Alipofika kisimani akasimama. "Mnazi!" akasema. "Huko baridi inagandisha maji ndooni. Huo mnazi ulivaa sweta?" Darasa likafa kwa kicheko. Jina la Mnazi likanikaa mpaka tulipomaliza shule. Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira, nikatafuta vitabu vya ramani nije nimwumbue mwalimu yule, na kila kitabu nilichofungua kilikuwa upande wake. Siku ile sikwenda tanurini. Nilimwambia mama tumbo linaniuma. Mama akanitazama sana, akachukua unga wake akaenda.

Sikumwambia Bibiji. Sikumwambia mtu. Baba yake alikuwa hai bado, mzee wa kilemba cheupe na vidole vilivyojaa makovu ya patasi, na ule mnazi ndio aliokuwa akiupenda kuliko kitu chochote cha mji wake. Alikuwa akisimulia alivyoupanda utotoni na kuangukia maji ya kisimani. Baadaye akafa, na Bibiji akawa hana kingine cha baba yake ila sanduku la randa na mji ule. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu, tena wa jiografia, na sikufichi, niliichagua jiografia kwa kinyongo, nisije nikachekwa tena. Nilifundisha shule ya Junju miaka mingi, mpaka nilipostaafu. Nilijua mnazi unaota wapi na hauoti wapi kama ninavyoijua sala. Lakini niliporudi Malindi likizo na kuketi tanurini, na Bibiji akatutaka tumkumbushe njia, nilitembea kutoka stesheni kama zamani. Nikifika kisimani nilishusha sauti kidogo, nikaupita ule mnazi haraka. Niliona nikiung'oa huo, na kisima kitafuata, na lango, na stesheni, na mwisho mzee wa watu atabaki hana alikotoka.

Ndivyo tulivyoishi mpaka mwaka huu, alipotokea mgeni.

Mtoto wa binamu yake Bibiji wa upande wa mama, aliyeko Mombasa, fundi wa kutafuta watu kwenye simu, alitafuta mpaka akawapata ndugu wa mji ule. Akapatikana binti wa ami yake Bibiji, yaani mtoto wa mdogo wake yule fundi seremala, mwanamke wa umri kama wake, aliyezaliwa mjini pale na hajatoka. Na huyo alikuwa na mjukuu, kijana wa miaka kama thelathini, mtu wa kompyuta, ambaye kazi ilikuwa inamleta Mombasa. Angekuja Malindi siku ya Jumapili kumwamkia nyanya yake wa Afrika.

Bibiji alipaka nyumba chokaa. Alimwita fundi akakandika tanuri upya. Kila aliyepita njiani aliambiwa, "Anakuja mtu wa kwetu. Mtamwuliza mambo yote ya mji, nanyi mtaona." Alikuwa mwepesi kama msichana. Mimi nilikuwa nahesabu siku. Nilijua watu wa mtaa wetu. Nilijua kitu cha kwanza watakachomwuliza.

Ijumaa nikawaita wanawake wa wimbo nyumbani kwangu, nikawapa chai na mahamri, nikawaambia kuwa mnazi usitajwe mbele ya mgeni, wala kwa kuulizwa wala kwa kuimbwa. Nikawaeleza sababu. Nikatoa na ubeti mpya niliotunga mwenyewe: Mgeni kaja na njaa, sufuria kavamia.

Mwuza matunda akaweka kikombe chini.

"Mwalimu," akasema, "mino wimbo huu nimeuimba tangu nywele zangu ni nyeusi. Ulimi wangu unajua mnazi. Hiyo sufuria ulimi hauijui."

"Ujizoeze basi. Una siku mbili."

"Tena haina utamu."

"Sikukuuliza utamu!" nikamjia juu. Nina hasira za karibu, wanangu wote wanajua. "Nataka Bibiji asiaibike nyumbani kwake."

Akaitikia, wote wakaitikia, tukafanya mazoezi ya sufuria mara tatu. Ilikuwa mbaya kweli.

Jumapili alasiri tuktuk ikasimama mbele ya nyumba ya Bibiji. Akashuka kijana mwembamba, miwani, mkoba mgongoni, boksi la vitamu mkononi. Alikuwa hajanyoosha mgongo vizuri wanawake walipomtokea ngazini na kuanza. Masikini, alirudi nyuma hatua mbili. Alimtazama dereva wa tuktuk, akidhani labda ameletwa kwenye maandamano, na dereva, mtoto wa hapa hapa, badala ya kumsaidia akawa anapiga makofi. Ubeti wa kwanza ukaja, na mwuza matunda, aliyewekwa mbele kwa sababu ya sauti yake, akafumba macho kwa utamu wa wimbo na kuuachia mnazi wote mzima mzima, na nyuma yake wote wakaitikia mnazi. Mimi peke yangu niliimba sufuria.

Kijana hakuelewa neno. Lakini uso wake ulibadilika. Aliinama kidogo, akasikiliza, akatoa simu mfukoni kwa haraka akabonyeza, akaiinua juu kutuelekea. Kwenye kioo likatokea paji la uso na jicho moja. Jicho likarudi nyuma, tukamwona mwanamke mzee mwenye ushungi mweupe, kinywa wazi. Alikuwa anausikiliza ule mwendo unaopanda, unakatika, unaangukia chini. Halafu akavuta ushungi nyuma ya sikio, akajibu. Sauti ilikuwa nyembamba na simu ilikuwa inakwaruza, lakini ulikuwa wimbo wetu, kila mkato mahali pake.

Bibiji alishika nguzo ya ngazi. Kikwao alikifahamu chote. Akageuka kututafsiria, machozi yanamteremka na meno yote nje.

"Anasema yule wa mbele sauti yake ni ya punda aliyekanyaga mwiba!"

Mwuza matunda alipiga kigelegele kilichowatoa watu misikitini. Hajapata kusifiwa vile maishani mwake. Tulitukanana na simu ile robo saa nzima, Bibiji akivusha matusi kwenda na kurudi, mpaka mgeni akaketi juu ya mkoba wake akijipangusa miwani kwa kucheka. Nilifurahi, sisemi uongo. Nilijisemea moyoni: wimbo ni wa kweli, basi mji ni wa kweli, yametosha, tuingie tule.

Yule bibi wa simuni hakutosheka. Akamwuliza Bibiji swali. Bibiji akanyoosha mabega, akatuambia kwa fahari, "Anataka nimwonyeshe njia. Anasema nianzie stesheni."

Bibiji akaanza, kikwao kwanza, kisha Kiswahili kwa ajili yetu. Mwenye shamba na ng'ombe wake. Bibi wa simuni akaitikia kwa kichwa. Miwa mkono wa kushoto. Akaitikia. Lango na tundu lake, na hapo wakabishana kidogo kama ni la mzinga, maana mwenzake ameolewa upande wa Chini. Mkaanga vitamu na paka. Bibi akapiga paja kwa furaha, akamtaja paka. Kisimani. Nilijipenyeza mbele nikasema chai inapoa. Hakuna aliyenisikia.

"Na kando ya kisima," Bibiji akasema, "pana mnazi."

Bibi akamwuliza mjukuu wake kitu, mjukuu akamweleza kwa mikono, mti mrefu, matunda ya duara. Kisha bibi akasema maneno machache. Bibiji, kwa mazoea ya kutafsiri, aliyatafsiri nayo, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Anasema hapakuwa na mnazi. Hapajapata kuwa na mnazi. Anasema pale palikuwa na mforosadi."

Akaketi kwenye kigoda cha tanuri. Mwuza matunda alinitazama kwa macho ya kuomba radhi, nami sikuwa na hasira naye tena, nilikuwa na huzuni tu. Nilimwona Bibiji anautembea mji upya kichwani, anauangalia kila ukuta kama bado umesimama. Nilimshika bega.

Lakini yule mwenzake alikuwa bado anasema. Alikuwa anauliza, kwa uchangamfu ule ule, hakujua amefanya nini. Bibiji akasikiliza. Akakunja uso.

"Anauliza habari ya mforosadi wa Malindi," akatuambia. "Ule wa kando ya forodha. Anataka kujua kama bado unazaa."

Tukatazamana. Kando ya forodha yetu pana mwarobaini, na miti michache ya kungu. Mforosadi, ule mti wa vijitunda vyeusi vinavyochafua vidole, haujapata kuwapo pale, na hilo nalisema kama mwalimu.

"Mforosadi gani?" Bibiji akamwuliza.

Yule bibi akakaa sawa, akafumba macho, na kuanza kusoma kwa kichwa. Ilikuwa barua. Fundi alipokuwa mgeni Malindi alimwandikia mama yake, na mama hakujua kusoma, basi barua zikasomwa na mwalimu wa mji pale penye tanuri, mtaa mzima unasikiliza, mikate inaungua. Zilirudiwa miaka mingi, hata watoto waliozaliwa baadaye wakazishika kwa kichwa. Bibiji akatuvushia barua ya baba yake sentensi kwa sentensi, na ile ya mwisho ilikuwa hivi: Mama usilie, hapa nilipo ni kama nyumbani, kando ya forodha pana mforosadi kama ule wetu wa kisimani, nami adhuhuri hula mkate wangu chini yake.

Bibiji aliweka mikono mapajani. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikainama, kumbe anacheka, kicheko kilichotoka tumboni na kumkosesha pumzi.

"Baba yangu!" akasema. "Mwongo mkubwa we! Kampandia mamake mforosadi Malindi asimlilie, na mimi kanipandia mnazi kwao nisijione mgeni!"

Akajifuta uso kwa ncha ya nguo. Akaichukua ile simu kwa mikono miwili, akasema kikwao, kisha akatupa na sisi Kiswahili chake, bila haya hata chembe:

"Nimemwambia upo. Umezaa mpaka matawi yanainama. Watoto wamechafua nguo zote za skuli."

Yule bibi alimtazama Bibiji, na mzee mmoja anamjua mzee mwenziwe. Akajikuna chini ya ushungi, akakohoa, akasema maneno yake polepole.

"Anasema macho yake ni mabovu na kichwa kimechoka," Bibiji akatafsiri. "Anasema sasa anakumbuka. Mnazi ulikuwapo. Mrefu sana."

Basi mwuza matunda akauanza ule ubeti tangu mwanzo, na mimi nikaimba mnazi pamoja na wenzangu kwa sauti yangu yote.

Mgeni alikuwa ameyafahamu maneno ya bibi yake, lakini hakuelewa kilichotuchekesha na kututoa machozi. Nilimweleza kwa Kiingereza tukila mikate ya moto. Alikaa akitazama makaa, kisha akaniuliza, "Sasa, Mwalimu, tutumie mti upi?" Nikampenda pale pale. Tulikwenda sote kwa miguu mpaka forodhani kabla jua halijatua, Bibiji akiwa mbele na fimbo yake. Mwuza matunda akatoa zambarau kapuni, akamlisha kijana mpaka midomo na vidole vikawa vyeusi vizuri. Na mimi, niliyefundisha jiografia miaka yote ile, niliyewatoa watoto nje kwa kukosea msitu na nyika, nilimsimamisha mtoto wa watu chini ya mwarobaini nikampiga picha nne, za kupelekwa India.

Wiki mbili zilizopita Bibiji aliniita tanurini. Wenzetu walikuwa hawajafika, yeye alikuwa anakanda. Akaninyooshea simu kwa mkono wenye unga.

"Imekuja picha kutoka kwetu," akasema. "Mpelekee yule mwalimu wako wa darasa la sita."

"Ulijua?"

"Mamako alisikia kwa wenzako wa skuli, akanambia siku ile ile, hapa hapa. Nikamwuliza baba. Akanambia mwalimu wako hajafika kwetu, atajuaje. Nami nikaona nimwamini baba." Akageuza donge la unga. "Nikawa nakungoja uje uniulize mwenyewe, mwanangu. Hukuja."

"Nilichelea kukuvunja moyo, Bibiji."

"Nami nilichelea utaniuliza."

Nikaitazama picha. Palikuwa na kisima kilichofunikwa zege na bomba la maji kando yake. Nyuma ya bomba ulisimama mti mmoja mwembamba, mrefu, wenye vumbi, makuti yake yameelekea upande mmoja. Mtoto wa darasa la nne wa Junju angekwambia kuwa huo ni mtende.

"Mnazi kabisa," nikamwambia.

"Haya, kaa basi unikumbushe njia. Anzia stesheni."

Nikavuta kigoda, nikaanza. Nilipofika kisimani sikushusha sauti.